Bharata, ndugu aliyeshukiwa na kila mtu: tuzungumzie mapenzi ya ndugu ndani ya Ramayana

Kibatari (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu wote.

Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindi, ikitajwa, watu hukumbuka vita: Ravana mfalme wa Lanka mwenye vichwa kumi, nyani Hanuman akiichoma Lanka, Sita kutekwa na Ravana. Leo naomba vita tuiache. Nataka tuwaongelee ndugu wanne wa nyumba ya Dasharatha, mfalme wa Ayodhya, na zaidi mmoja wao, Bharata, maana naona hapewi haki yake. Mtu akitafuta mfano wa mapenzi ya ndugu humtaja Lakshmana, aliyemfuata kaka yake porini miaka 14. Lakshmana anastahili kila sifa. Lakini nasema aliyebeba mzigo mzito kuliko wote ni yule aliyebaki nyumbani, huku kila mtu akimdhania mwizi wa kiti.

Nafuata Ramayana ya Valmiki, ile ya Kisanskriti yenye vitabu saba na beti zipatazo 24,000. Nikichota kwingine nitasema.

Kwa asiyeijua: Dasharatha ana wake watatu wakuu. Kausalya kamzaa Rama, mkubwa wa wote. Kaikeyi kamzaa Bharata. Sumitra kazaa pacha, Lakshmana na Shatrughna. Baba mmoja, mama mbalimbali, na kiti kimoja. Mzee anaamua kumtawaza Rama. Manthara, mjakazi mwenye kibiongo, anamjaza maneno bibi yake Kaikeyi hadi Kaikeyi anadai ahadi mbili ambazo mfalme alimpa zamani alipomwokoa vitani: Bharata atawazwe, na Rama apelekwe porini miaka 14. Mfalme amefungwa na neno lake. Rama anaondoka bila kinyongo, mkewe Sita na Lakshmana wanakwenda naye, na mzee anakufa kwa majonzi.

Hayo yote yanatokea Bharata hayupo. Yuko kwa wajomba zake Kekaya pamoja na Shatrughna, na hajui lolote.

Sasa angalieni. Wa kwanza kumshuku ni baba yake mzazi. Kabla hata Kaikeyi hajafungua mdomo, Dasharatha anamwambia Rama kwamba kutawazwa kufanyike upesi, wakati Bharata yuko safarini. Anakiri kijana ni mwema na anamtii kaka yake, ila mioyo ya watu, anasema, hugeuka. Baadaye, akiwa katika uchungu, anatamka kwamba kama Bharata ataufurahia mpango huu, basi asimfanyie ibada za mazishi. Mtoto hajasema neno, hajatenda tendo, na baba keshamtenga na jeneza lake.

Bharata anaitwa arudi haraka bila kuambiwa sababu. Anaingia Ayodhya, mji umenyamaza. Anakwenda kwa mama yake na kuuliza baba yuko wapi. Kaikeyi anamweleza mambo yote kwa furaha, kama mtu anayekabidhi zawadi. Bharata anamjia juu kwa maneno makali ambayo sijaona mtoto mwingine akimwambia mama yake katika kitabu hicho. Shatrughna anamkamata Manthara na kumburura sakafuni, na Bharata ndiye anayemzuia: mwanamke hauawi, anasema, na Rama akisikia tumemuua huyu hatatusemesha tena. Kwamba hata mama yake mwenyewe angekuwa hatarini lau si kuchelea hasira ya Rama, analisema waziwazi. Mtu yuko katikati ya ghadhabu, na kipimo anachopimia tendo lake ni kaka ambaye hayupo.

Halafu anakwenda kwa Kausalya, mama wa aliyefukuzwa. Anapokelewa hivi: ulitaka ufalme, haya, umeupata usio na miiba. Hapo Valmiki anampa Bharata viapo vinavyojaza sura nzima. Aliyeridhia kufukuzwa kwa kaka yangu, anasema, na apate dhambi ya mtu anayempiga teke ng'ombe aliyelala. Apate dhambi ya mwenye maji anayemnyima mwenye kiu. Apate dhambi ya mtu aliyezungukwa na wanawe, mkewe na watumishi nyumbani kwake, kisha akala kitamu peke yake. Anaapa hadi anaishiwa nguvu na kuanguka. Kausalya anamvuta mapajani mwake, wanalia pamoja.

Ngoja nipumzike, nitaendelea na safari ya Chitrakuta. Karibuni.

Mwana wa Mrima

Mkuu umeanza vizuri, tupo pamoja. Ila nina swali la kichokozi. Huyu Bharata hakuwa na lolote la kupoteza kwa kukataa? Si ajabu aliogopa wananchi. Wote walikuwa wanampenda Rama. Angekalia kile kiti wangemshusha kabla ya mwaka.

Kibatari

Mwana wa Mrima, swali lako ni zuri na jibu lipo kwenye kitabu chenyewe.

Siku ya 14 baada ya msiba, wakuu wa serikali wenyewe wanamfuata Bharata na kumwomba ashike ufalme. Baadaye kuhani mkuu Vasishtha anamwambia hivyohivyo barazani mbele ya watu: baba yako na kaka yako wamekupa nchi hii, itawale. Jeshi liko chini yake na hazina iko mkononi mwake. Kama kuna mtu aliwahi kupewa kiti kwa njia safi kisheria, ni yeye.

Tena kuna jambo wengi hawalijui. Kule porini Rama mwenyewe anamfichulia Bharata kwamba baba yao, alipomposa Kaikeyi, alimwahidi babu yake Bharata kwamba ufalme utakuwa wa mtoto wa binti yake. Yaani ile ilikuwa sehemu ya mahari. Bharata angeweza kusimama mbele ya kadhi yeyote na kushinda, na shahidi wake mkuu angekuwa Rama. Hata baada ya kusikia hilo hakubadilika.

Tuendelee na safari.

Bharata anasema barazani kwamba atakwenda kumrudisha mwenye kiti. Anaondoka na jeshi, mama wote watatu, makuhani na watu wa mjini. Kwenye mto Ganga, mahali paitwapo Shringaverapura, anatawala Guha, mkuu wa watu wa Nishada, rafiki wa Rama. Guha anaona vumbi la jeshi na kufikiri kama unavyofikiri wewe: huyu amekuja kumaliza kazi. Anaweka mashua 500 tayari, kila moja na vijana mia wenye silaha, na agizo: kama nia yake ni mbaya, hakuna atakayevuka.

Bharata anapojieleza, Guha anayeyuka. Anampeleka chini ya mti ambapo Rama na Sita walilala usiku mmoja wakiwa njiani kwenda porini, na Lakshmana akakesha na upinde mkononi. Majani waliyolalia bado yapo, yamelalia upande mmoja. Bharata anainama kuyatazama. Anaona chembe za dhahabu zilizodondoka kutoka kwenye mapambo ya Sita, na nyuzi za hariri ya nguo yake zimenasa kwenye nyasi. Pale ndipo anapoweka nadhiri: tangu leo nitalala chini, nitakula matunda na mizizi, nitavaa magome ya miti. Hakuna aliyemtaka afanye hivyo.

Wasomaji wa Kitamil mnaweza kuongezea: Kamban, mshairi aliyeisimulia upya hadithi hii kwa Kitamil, yapata karne ya 12, anampa huyuhuyu Guha maneno ambayo Watamil wanayakumbuka hadi leo. Anamwambia Bharata: hata Rama elfu moja, je, watakufikia wewe? Na anayesema hivyo ni rafiki wa Rama, mtu aliyekuwa amepanga mashua ili kumpiga.

Wanavuka. Wanafika kwa mtawa Bharadvaja, Prayaga. Mtawa naye anauliza: umekuja kwa nia gani, wewe uliyepewa nchi? Hutamdhuru yule asiye na kosa? Bharata anajibu machozi yakimtoka kwamba amekwisha kabisa kama hata mtu kama Bharadvaja anamdhania hivyo.

Baba, mama mkubwa, rafiki wa kaka, mtu wa Mungu. Na bado Lakshmana hajamwona.

Bi Zuhura wa Pwani

Kibatari kaka yangu, naomba niingilie. Unamsifu Lakshmana na Bharata, sawa. Na Urmila je? Mke wa Lakshmana. Mume kaondoka miaka 14 kumfuata kaka yake, mke kaachwa ndani ya nyumba ile yenye msiba na fitina. Mapenzi ya ndugu yanasifiwa, lakini kuna mtu ameyalipia na hajulikani. Sita aliruhusiwa kwenda na mumewe. Urmila hakuulizwa hata.

Kibatari

Dada Zuhura, umegusa penyewe na sitamtetea Valmiki hapo. Urmila kwake ni jina tu, hapewi hata sura moja ya kulia. Wahindi wenyewe wameliona pengo hilo kabla yetu. Rabindranath Tagore aliandika insha kuhusu wanawake waliosahauliwa na washairi, na Urmila yumo. Maithili Sharan Gupt akatunga utenzi mzima kwa Kihindi, Saketa, uliotoka 1931, ambamo Urmila anasimama katikati. Na katika nyimbo za wanawake wa Kitelugu kuna masimulizi kwamba Lakshmana hakulala miaka yote 14 ili alinde kibanda, na usingizi wake wote akaubeba Urmila, akalala kwa ajili yao wawili hadi waliporudi. Hilo halimo kwa Valmiki. Wanawake waliliongeza wenyewe kwa sababu na wao waliuliza swali lako.

Jibu langu la moyoni ni kwamba gharama hiyo ni ya kweli na inaupunguzia ushujaa wa Lakshmana kitu fulani. Bharata naye alimwacha mkewe, Mandavi, akaenda kuishi kama mtawa. Wanaume wa hadithi hii wanawapenda ndugu zao kuliko wanavyowatazama wake zao, na msomaji wa leo ana haki ya kulisema.

Mwana wa Mrima

Nimekubali kuhusu mahari, hilo sikulijua kabisa. Endelea mkuu, Lakshmana kamwona?

Kibatari

Kamwona.

Wako mlimani Chitrakuta. Wanyama wanakimbia hovyo, kelele zinasikika kwa mbali. Rama anamwambia Lakshmana atazame kuna nini. Lakshmana anapanda juu ya mti mrefu, anaona tembo, farasi, na bendera ya Ayodhya. Anapiga kelele kutoka juu: zima moto, mwingize Sita pangoni, vaa upinde! Bharata amekuja kutuua, na leo nitamuua mimi kwanza.

Ni ndugu yake. Wamekua pamoja, pacha wake mwenyewe yuko kwenye msafara ule ule. Na Lakshmana si mtu mbaya, ni mapenzi yake kwa Rama yanayomfanya aone adui kila upande. Mnakumbuka hata Rama alipoambiwa aende porini, Lakshmana alitaka wampindue mzee kwa nguvu. Mapenzi yake yana moto, na moto hauchagui cha kuunguza.

Rama anamjibu kwa utulivu unaochoma zaidi ya ukali. Bharata ametutendea ubaya gani hadi umshuku hivi? Usimsemee neno baya. Ukimsema yeye umenisema mimi. Na kama unasema haya kwa sababu ya ufalme, akija nitamwambia, mpe Lakshmana nchi, naye atajibu, sawa. Lakshmana anajikunyata kwa aibu, Valmiki anasema ni kama anataka kuingia ndani ya viungo vyake mwenyewe.

Bharata anafika kwa miguu, ameliacha jeshi nyuma. Amevaa magome, nywele zimesokotana, amekonda. Anataka kumfikia kaka yake lakini anaanguka kabla ya kuigusa miguu yake. Neno pekee linalomtoka ni kaka. Rama kwa tabu anamtambua, anampakata.

Kisha inakuja habari ya msiba. Rama hajui baba amekufa. Anazimia. Akizinduka wanateremka mtoni kumfanyia marehemu ibada, na cha kutoa sadaka hakuna: porini hakuna mchele wala samli. Rama anachukua makapi ya tunda la ingudi, anayachanganya na kunazi, anayaweka juu ya majani, na kumwambia baba yake apokee, maana anachokula mtu ndicho wanachokula na miungu yake. Kausalya anapopita baadaye na kuliona lile tonge la kunazi pale chini, mlo wa mfalme aliyetawala dunia, anashindwa kujizuia.

Halafu unaanza ugomvi ambao sijauona kwenye historia yoyote ya wafalme. Ndugu wawili wanabishana hadharani, kila mmoja akimsukumia mwenzake ufalme. Bharata: ni wako, wewe ni mkubwa, rudi. Rama: ni wako, baba alitoa neno, rudi. Bharata anatandika majani ya kusha mbele ya kibanda na kulala chini, anasema hataondoka wala kula mpaka Rama akubali. Anajitolea hata yeye akae porini miaka 14 badala ya kaka yake. Rama anakataa: neno la baba halifidiwi na mtu mwingine.

Mwisho Bharata anatoa mitalawanda iliyonakshiwa dhahabu na kumwomba Rama aikanyage. Rama anapachika vidole kwenye msuruaki, anasimama juu yake, anashuka, anampa. Bharata anaibeba kichwani. Anaapa kwamba miaka 14 ikitimia na asipomwona Rama kesho yake, ataingia motoni.

Na hapa naomba mnisome polepole. Anaporudi haingii ikulu ya Ayodhya. Anakaa kijijini Nandigrama, nje ya mji. Mitalawanda inawekwa juu ya kiti cha enzi, juu yake mwavuli wa kifalme, pembeni mgwisho. Kila shauri la serikali linaelezwa kwanza mbele yake. Kila kodi na zawadi inawekwa kwanza pale, ndipo ishughulikiwe. Miaka 14, kila siku, mtu mwenye mamlaka yote anaripoti kwa viatu vya mtu mwingine. Lakshmana alikuwa na uso wa Rama kila asubuhi. Bharata alikuwa na jozi ya mitalawanda na watu waliokuwa wakisubiri kuona lini atachoka.

Kisima cha Kale

Wakuu, nimefuatilia kimya sasa niseme. Wazee walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Ramayana naona kama imewapanga ndugu kwa mafungu. Binadamu wa Ayodhya wanapatana. Nyani wa Kishkindha, Vali na Sugriva, wanauana kwa kiti na kwa mke. Wa Lanka, Ravana anamtukana Vibhishana hadi anahamia kwa adui. Mtunzi alikusudia?

Kibatari

Kisima cha Kale, naamini alikusudia, na ushahidi ni jinsi mafungu hayo anavyoyakutanisha mahali pamoja. Vibhishana anapokuja kuomba hifadhi kwenye kambi ya Rama, anayempinga kwa nguvu ni Sugriva: mtu aliyemwacha kaka yake wakati wa shida atamwacha nani? Na Sugriva huyohuyo yuko kwenye kiti cha kaka yake aliyeuawa. Rama anamjibu: ndugu wote si kama Bharata, watoto wote si kama mimi kwa baba yangu, na marafiki wote si kama wewe. Yuko ufukweni mwa bahari, mbali na Ayodhya, miaka imepita, vita iko mlangoni, na kipimo chake cha ndugu ni yule aliyemwacha Nandigrama. Hamtaji Lakshmana, ambaye yuko naye hapohapo.

Usisahau na ndege. Jatayu, yule tumbusi mzee aliyekufa akimpigania Sita, ana kaka anaitwa Sampati. Walipokuwa vijana walishindana kuruka kulifikia jua. Jatayu akaanza kuungua. Sampati akatandaza mabawa yake juu ya mdogo wake, mabawa yakateketea, akaanguka chini na hakuruka tena kwa miaka mingi. Ndiye baadaye anayewaonyesha nyani Sita yuko wapi. Yaani Sita anapatikana kwa sababu kaka mmoja alikubali kuungua badala ya mdogo wake.

Mti Mkavu

Ngoja nimtetee Lakshmana maana namwona anaonewa. Nyie mnasahau habari ya vikuku. Sita alipotekwa aliangusha mapambo yake njiani, Sugriva akayahifadhi. Rama akamwonyesha Lakshmana. Lakshmana akasema bangili za mkononi sizijui, vipuli sivijui, ila vikuku vya miguuni navijua, kwa sababu kila siku nilikuwa nainama miguuni pake. Miaka yote ile pamoja na shemeji yake, kibanda kimoja, na hajawahi kuinua macho. Hiyo ni heshima kwa kaka ambayo haina mfano.

Na alipochomwa na silaha ya Ravana vitani, Rama alilia akasema mke hupatikana kila nchi, jamaa hupatikana kila nchi, lakini nchi ambayo ningepata ndugu wa tumbo moja kama huyu sijaiona. Na wao si tumbo moja!

Kibatari

Mti Mkavu, asante sana kwa hilo la vikuku, ni moja ya mahali ninapopapenda mno. Na kilio kile cha Rama, ingawa dada Zuhura ataniangalia kwa jicho kali kwa hiyo sehemu ya mke, kinaonyesha kwamba matumbo matatu ya nyumba ile yamekuwa moja. Mama yake Lakshmana alichangia. Mwanawe alipokwenda kuaga, Sumitra alilia lakini hakumzuia. Alimwambia: mwone Rama kuwa ndiye Dasharatha, mwone Sita kuwa ndiye mimi, uone pori kuwa ndiyo Ayodhya, nenda salama mwanangu. Mke mwenza anamtoa mwanawe kwa ajili ya mtoto wa mwenzake. Mimi kila nikifika hapo huwa nasimama.

Sasa nimalizie lile la kushukiwa. Vita imekwisha, miaka 14 imetimia. Rama yuko tena kwa mtawa Bharadvaja. Anamtuma Hanuman atangulie, na maagizo yake ni haya: mweleze Bharata kwamba tunarudi, kisha tazama rangi ya uso wake, macho yake, na namna anavyosema. Nchi iliyojaa tembo na farasi na magari ni nani isingemgeuza moyo? Kama amezoea kutawala na anaitaka, basi na aitawale.

Mwana wa Mrima

Kumbe hata Rama! Hilo limeniuma.

Mti Mkavu

Mimi sisomi kama kumshuku. Nasoma kama kumpa nafasi. Rama alikuwa tayari kugeuza njia asimwaibishe mdogo wake.

Kibatari

Nadhani yote mawili yamo, na ndiyo maana mahali pale pana uzito. Hanuman anafika Nandigrama, anamkuta mtu mwembamba, mchafu wa vumbi, nywele zimesokotana, amevaa ngozi na magome, mitalawanda mbele yake. Anamwambia Rama anakuja. Bharata anaanguka kwa furaha, anainuka, anamkumbatia yule nyani mgeni na kumlowanisha kwa machozi. Hanuman hakuhitaji kutazama zaidi.

Wanapokutana, Bharata anachukua mitalawanda na kumvisha Rama miguuni kwa mikono yake. Kisha anazungumza kama mtunza hazina: hii ndiyo amana yako, nairudisha yote. Kagua hazina, kagua maghala, kagua jeshi. Kwa nguvu zako vyote nimevifanya mara kumi ya vilivyokuwa. Huyu hakukaa miaka 14 akilia kijijini. Alifanya kazi, nchi ikanawiri, na hakuna hata punje aliyoiita yake.

Mjini Varanasi mkutano huu unaigizwa kila mwaka uwanja wa Nati Imli, siku inayofuata sikukuu ya Dussehra. Umati unafurika tangu mchana, na jua linapokaribia kuzama vijana wanaoigiza ndugu wale wanne wanakimbiliana na kukumbatiana. Tukio lenyewe ni la dakika chache. Watu hawaji kuona Ravana akianguka, huyo alishachomwa jana yake. Wanakuja kuona ndugu wakikutana. Na taa za Diwali mnazoziona kwa majirani zetu Wahindu wa Dar, Mombasa na Nairobi, wengi wao huzihesabu kuwa ni taa za kurudi huku kwa Rama Ayodhya.

Shamba la Bibi

Mkuu, Mahabharata, ule utenzi mwingine mkubwa wa Kihindi, umeiruka kabisa. Mle ndimo binamu wanachinjana kwa sababu Duryodhana hakutaka kutoa hata ardhi ya kutosha ncha ya sindano. Lakini mle pia kuna Yudhishthira kwenye ziwa. Wadogo zake wanne wamekufa kwa kunywa maji kabla ya kumjibu Yaksha, pepo wa ziwa hilo, maswali yake. Yeye anajibu yote, anaambiwa achague mmoja afufuke. Hamchagui Bhima mwenye nguvu wala Arjuna ambaye vita yote inamtegemea. Anamchagua Nakula, wa mama mwingine. Sababu yake: mama yangu Kunti ana mimi niliye hai, Madri naye abakiwe na mwana. Yaksha akawafufua wote.

Kibatari

Shamba la Bibi, umenisaidia sana. Mwone na mwisho wake: anapofika mbinguni na kuwakosa ndugu zake, anapelekwa mahali pa giza na uvundo, anasikia sauti zao zikimwita, na anasema basi nakaa hapahapa. Yudhishthira na Bharata wangeelewana. Wote wawili walikuwa na haki ya kuchukua kilicho kizuri, na wote waliangalia kwanza mtoto wa mama mwingine.

Bi Zuhura wa Pwani

Na Shatrughna? Hamjamtaja tangu aliponyang'anywa yule mjakazi.

Kibatari

Shatrughna ni kivuli cha Bharata kama Lakshmana alivyo kivuli cha Rama. Pacha wamegawana: mmoja kwa mkubwa, mmoja kwa anayemfuata. Habari zake ziko zaidi kwenye kitabu cha saba, Uttara Kanda, ambacho wataalamu wengi wanaona kiliongezwa baadaye. Anatumwa kumpiga zimwi Lavana, anatawala Madhupuri miaka 12, anamkumbuka kaka yake na kurudi Ayodhya kuomba abaki. Rama anamruhusu siku saba tu, kisha anamrudisha kazini kwake.

Kitabu hichohicho kina mtihani wa mwisho wa Lakshmana. Rama yuko faraghani na Kala, yaani Wakati mwenyewe, na masharti ni kwamba atakayeingia auawe. Anakuja mtawa Durvasa mlangoni, anatishia kulaani nchi nzima asipoonwa sasa hivi. Lakshmana anapiga hesabu: afe mmoja wasiangamie wote. Anaingia. Rama hawezi kumuua, anamfukuza, na wakasema kwao hilo ni sawa na kifo. Baada ya hapo Rama anataka kumkabidhi Bharata ufalme na kuondoka. Bharata anaukataa kwa mara nyingine, anasema bila Rama hautaki, wapewe Kusha na Lava, wana wa Rama. Wakapewa.

Anayetaka kusoma mwenyewe aanze na kitabu cha pili, Ayodhya Kanda, asianze na vita. Kumbhakarna, yule kaka wa Lanka aliyemwambia Ravana umekosea kisha akaenda kumfia, namfungulia uzi wake wiki ijayo, maana wanaomtetea humu ni wengi na nawaona wanajiandaa.